Kuunganisha WhatsApp kwenye tableti na kompyuta

Habari zenu wanakikundi,

Kwa wanaotaka kusoma jumbe zetu kwenye kompyuta au tableti: msisajili namba upya huko. Ukifanya hivyo, simu yako itatolewa kwenye akaunti. Kinachotakiwa ni kuunganisha tu.

Kwenye kompyuta fungua web.whatsapp.com, msimbo wa mraba utatokea. Kisha shika simu: Android gusa vitone vitatu juu kulia, iPhone ingia kwenye mipangilio, halafu chagua vifaa vilivyounganishwa na uelekeze kamera kwenye msimbo. Ukichelewa, msimbo huisha muda. Pakia ukurasa upya. Tableti nayo ni hivyo hivyo, ila kwanza weka programu yenyewe.

Mwisho ni vifaa 4 mbali na simu. Simu ikizimwa, vingine vinaendelea kufanya kazi, lakini usipoitumia kwa zaidi ya siku 14 vyote vinatoka. Jumbe za zamani huchukua muda kushuka, kwa hiyo msidhani zimefutika.

Ikigoma kabisa, angalieni saa na tarehe ya kifaa kabla ya kulaumu mtandao. Tarehe ikikosewa, muunganisho salama hukataliwa.

Na ile namba ya tarakimu 6 ya kusajili WhatsApp inayokuja kwa SMS msimpe mtu yeyote, hata akisema ni mimi. Washeni pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada unayoiweka mwenyewe. Kompyuta ya kuazima? Ondokeni kwenye akaunti mkimaliza. Kufunga ukurasa hakutoshi.