Huyo wa nne anayekimbia kinyume ni mimi

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuwaandikia, leo imebidi kwa sababu ya ile barua mliyoitoa wiki iliyopita, ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba siku hizi picha zote ni uongo mtupu, akatoa mfano wa picha moja inayozunguka kwenye simu za watu, mwanamke mwenye jezi nyekundu namba 35 anaruka maji uwanjani, yuko mara saba kwenye picha moja. Akasema wanaotengeneza vitu kama hivyo wanatuona wajinga, kwanza maji yenyewe hayajawahi kuwepo pale, pili mmoja kati ya hao saba anakimbia kinyume na wenzake, yaani hata kudanganya hawajui. Sasa huyo mwanamke ni mimi. Wote saba.

Na ndugu yangu huyo ana macho kweli, simkatalii. Maji hayakuwepo, na wa nne anakimbia kinyume. Ila kuna kitu hakukiona kwa sababu kilishakatwa kabla picha haijamfikia. Chini kabisa niliandika "Picha ya kuunganisha: mimi na kigugumizi changu, mizunguko saba". Mtu mmoja sijui ni nani akaikata hiyo sehemu, labda haikumkalia vizuri kwenye skrini, akabandika maneno yake kwamba eti ni mwanariadha amenaswa na kamera ya kisasa, watu wakaanza kuirusha. Kwa hiyo mimi nikitafuta uongo uliingia wapi naukuta kwenye huo mkasi.

Kigugumizi ninacho tangu nina miaka 4. Wengi ndo kinaanza umri huo, kati ya miaka 2 na 5, na wengi wao kinaondoka chenyewe, cha kwangu kikaona kimepata makazi. Watu wazima wenye hii hali ni kama 1 katika 100 na wanaume ndo wengi kuliko sisi, ndo maana mwanamke akikwama watu wanadhani ana aibu au kuna jambo anaficha. Nikiimba sikwami. Nikisoma kwa sauti pamoja na watu sikwami. Nikiulizwa jina langu, ambalo linaanza na K, nakwama mpaka anayeuliza anaanza kubahatisha kwa niaba yangu. Nimeshawahi kununua kitu nisichokitaka, nikalipa na kushukuru, kwa sababu nilichokuwa nakitaka kinaanza na K. Kesho huwa siiti kesho, nasema siku inayofuata. Watu wananisifia kwamba naongea Kiswahili cha vitabuni kumbe mwenzao nakwepa tu.

Halafu siku moja nikawa naangalia riadha, zile mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, za wanawake (na hizi za wanawake kwenye Olimpiki zimeanza juzi tu, Beijing 2008, wakati wanaume wanazikimbia umbali huo tangu 1920, lakini hiyo ni barua nyingine). Mtangazaji akawa anaeleza sheria. Viunzi vya mbio fupi ukivigonga vinaanguka na unaendelea na safari yako, vya mita 3,000 havianguki ng'o, ni boriti la mbao na miguu yake, uzito kilo 80 hadi 100, ukiligonga ni wewe unaanguka. Unaruka viunzi vya kawaida mara 28 na vya maji mara 7, jumla 35. Na unaruhusiwa kukikanyaga kiunzi, hata kukishika kwa mkono ruksa. Usichoruhusiwa ni kupita pembeni. Ukipita pembeni umetolewa.

Nikajisemea basi mimi nilishatolewa zamani sana.

Hapo ndo picha ilipoanzia. Sikutaka kuwaeleza watu kigugumizi ni nini, nimeshajaribu kueleza na unajua tena naeleza kwa kutumia kitu kilekile kinachonishinda. Nilitaka mtu aangalie mara moja tu aone: mwanamke, kiunzi kisichoanguka, maji, na kwamba hayo maji yanakuja tena na tena, kila mzunguko. Lile bwawa lina urefu wa mita 3.66 na kina chake kirefu kiko karibu na kiunzi, halafu sakafu inapanda polepole mpaka inalingana na uwanja. Maana yake aliyechoka akaruka karibu anatua kwenye maji mengi, aliye na nguvu anatua kwenye maji machache. Kwa hiyo anayelowa zaidi ndo yule ambaye tayari hali yake mbaya. Nani ataniambia huyo aliyebuni hilo bwawa hakuwa anamjua mtu mwenye kigugumizi?

Sasa kuhusu utengenezaji, maana ndugu yangu aliandika kama vile ni kubonyeza kitufe, na wengine wakanitumia meseji kwamba ni akili mnemba imefanya. Ilinichukua karibu miezi miwili. Nilipewa ruhusa ya kuingia uwanjani siku ambayo hamna mazoezi, bwawa lilikuwa kavu na majani makavu ndani, nikapiga picha ya hilo bwawa tupu, nikapima kimo cha kamera kwa mti wa ufagio nikaweka alama kwa kalamu. Nyumbani nikapanda benchi, nikaweka godoro mbele, kamera kwenye stendi kwa kimo kilekile cha kwenye ufagio, lenzi ileile, jua upande uleule, na mtoto wa dada yangu ndo mpiga picha. Nikaruka. Nadhani niliruka mara sitini na kitu, majirani walishaacha kuuliza.

Maji tulipiga usiku. Tulitundika kitambaa cheusi ukutani, mtoto anamwaga maji kwa kopo, mimi napiga kwa flashi ili tone ligande hewani. Ukishaingiza kwenye programu (natumia GIMP, ni ya bure) kuna namna ya kuchanganya leya (yaani picha zilizolazwa moja juu ya nyingine) inaitwa skrini, ukiichagua weusi wote unapotea yanabaki matone peke yake, kama vile yamerukia pale bwawani. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka peke yangu kama chizi.

Kazi yenyewe iko kwenye maski. Maski ni kama karatasi unailaza juu ya leya, ukipaka nyeusi inaficha, ukipaka nyeupe inaonesha, kwa hiyo hufuti kitu, unakificha tu na ukijuta unakirudisha. Nilificha godoro, nikaficha benchi, nikaenda ukingo wa nywele unywele kwa unywele na brashi ndogo. Na bado ilikuwa mbaya. Sikujua kwa nini mpaka mtoto akasimama nyuma yangu akaniambia, "Mama mdogo, mbona mko kama stika?" Ni vivuli. Nilikuwa nimebandika vivuli kwenye nyayo, wakati mtu aliye hewani kivuli chake hakimgusi, kinakaa mbali naye na kingo zake zimefifia. Tena kwa sababu siku ile niliruka kuanzia saa tisa mpaka karibu saa kumi na moja, kivuli cha wa kwanza kilikuwa kifupi na cha wa saba kirefu, kwenye picha moja! Nikavichora upya vyote, usiku tatu. Mwisho nikatandaza chengachenga kidogo juu ya picha nzima, ili picha zilizopigwa mchana na zilizopigwa usiku zionekane zimezaliwa siku moja.

Kwenye boriti la kiunzi, pale ambapo huwa panakaa tangazo la mdhamini, niliweka mwandiko wangu. Ni herufi moja tu, K, imejirudia kuanzia mwanzo wa boriti mpaka mwisho, na jina lenyewe halimaliziki. Baada ya maelezo kukatwa kuna watu wameuliza hiyo K ni kampuni gani.

Sasa huyu wa nne. Hapo naomba nimjibu ndugu yangu vizuri. Wa tatu na wa nne walikuwa wamekaa mkao unaofanana sana, nikaona nimgeuze wa nne kushoto kulia ili asionekane pacha, ni kliki moja tu. Saa nane usiku naizumu naona namba 35 kifuani kwake inasomeka kinyumenyume, kama kwenye kioo. Nikatoa namba kwa wa tano nikambandikia, nikapinda kidogo ifuate mkunjo wa jezi. Ndipo nikaona kitu kikubwa zaidi, kwamba kwa kumgeuza nimemfanya aelekee kwenye kiunzi alichotoka kukiruka, yaani anarudi alikotoka. Riadha yote mnazunguka upande mmoja tu, mkono wa kushoto ukiwa ndani, kwa hiyo mtu yeyote aliyewahi kukimbia angeona mara moja. Na kweli mtu wa kwanza niliyemtumia, aliwahi kukimbia zamani, alinijibu, "Huyo wa nne kasahau nini nyumbani?"

Nilitaka kumrudisha. Kipanya kilikuwa tayari juu ya amri ya kugeuza. Nikakumbuka usaili mmoja, ofisi siitaji, tumekaa kwenye foleni ya viti nje ya chumba na mlango hawafungi vizuri, na kila anayeingia nasikia anaanza kuulizwa jina. Jina, jina, jina. Mbele yangu walikuwa wamebaki wawili. Nilichukua kikaratasi nikamwandikia dada wa mapokezi kwamba naumwa, nikaondoka. Sikuwa naumwa. Vyeti vyangu vilikuwa vizuri na majibu ya maswali yote nilikuwa nayo isipokuwa la kwanza. Basi namba ya huyo wa nne nikairekebisha, mwelekeo wake nikauacha. Ndugu yangu ameita kosa, na mimi nilipoanza nilikosea kweli, ila nilipomaliza nilikuwa namjua ni nani.

Kwa upande mwingine kuna jambo kwenye barua yake nakubaliana nalo kabisa. Picha ya habari isiguswe. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshee kwenye ukurasa wa mbele, watu wakachukia, na walikuwa na haki, kwa sababu msomaji alilishika lile jarida akiamini anaoneshwa Misri ilivyo. Mimi sikumwonesha mtu uwanja ulivyo. Na hii kazi ya kuunganisha picha wala haikuanza na kompyuta. Mwaka 1857 kule Uingereza Oscar Rejlander aliunganisha negativu (zile picha za mwanzo ambazo picha husafishwa kutoka kwake) zaidi ya 30 akatoa picha moja kubwa ya vijana wawili wanaochagua njia ya maisha. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akaunganisha 5 akatoa msichana anayekufa huku ndugu zake wamemzunguka, watu wakakasirika na huyo naye. Photoshop, ile programu ya kompyuta ya kuhariri picha, imetoka 1990, hesabuni wenyewe hiyo miaka. Hao wazee walikuwa wanakaa gizani na dawa za kusafishia picha zikiwaunguza vidole, mimi nalalamika usiku tatu za vivuli.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkipata picha ya namna hii, yangu au ya mtu mwingine, andikeni "picha ya kuunganisha" kwa herufi kubwa kama zile za jina la mpiga picha, msiziweke ndogo za kujificha pembeni, na isikae kamwe kwenye ukurasa wa habari wala wa michezo hata kama ina mtu anaruka. Mimi nami nimejifunza, maelezo niliyaweka ukingoni ambako mkasi unafika kirahisi. Nimetengeneza nyingine, safari hii maneno yameandikwa ndani ya maji yenyewe, yanapita katikati ya miguu ya wote saba, anayetaka kuyakata itabidi anikate na mimi. Nimeiambatanisha hapa, mkipenda itoeni, na ndugu yangu aliyeandika aiangalie tena kwa nafasi, nitafurahi akiniambia kivuli cha wa sita kimekaaje maana bado kinanikera.

Jambo la mwisho. Najua huwa mnapiga simu kuhakikisha kwamba aliyeandika barua ndo mwenyewe. Naomba mnitumie meseji. Na kama utaratibu wenu lazima iwe simu, basi pigeni, ila mkiuliza jina msikate, nisubirini.

Ni mimi,
Namba 35