Barua ya wazi kwa wanasheria vijana mnaoingia kwenye ubunifu wa programu

Wanangu, hamjambo.

Naona wengi wenu mkishaajiriwa na kampuni za programu za simu mnapewa kazi moja: kuandika masharti marefu yasiyosomwa na mtu. Msikubali kuishia hapo. Kaeni na mbunifu pale anapochora kitufe cha “Nakubali”.

Chukueni programu ya mikopo midogo nchini Kenya. Kabla mteja hajajua hata riba ni kiasi gani, anaombwa aruhusu isome namba zote alizohifadhi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtwika mkusanyaji mzigo wa kuthibitisha ridhaa, na kinauliza kama mkataba umefungamanishwa na data isiyohitajika. Mkopo hauhitaji namba ya shemeji yake. Kanuni za Benki Kuu za 2022 nazo zinamkataza mkopeshaji kupekua namba hizo ili awatumie watu ujumbe mdaiwa anapochelewa. Kwa hiyo ombi lenyewe liondoke. Kulipamba kwa maneno matamu hakusaidii.

Kwa ridhaa inayobaki, mwambieni mhandisi ahifadhi tarehe na saa, lugha, toleo la maneno aliyoyaona mteja, na alichochagua. Timu nyingi huhifadhi “ndiyo” peke yake. Maneno yakibadilishwa mwezi ujao, nani ataonyesha mteja alikubali nini? Na kwa kuwa anaweza kuiondoa ridhaa wakati wowote, pa kuiondolea pawe kwenye menyu, si barua pepe kwa mtu asiyejibu.

Sasa lugha, ambapo wanasheria ndio tunaoharibu zaidi. Ukiandika “tutatumia data yako”, wateja wengi huelewa bando lao litaliwa! “Ridhaa” iacheni mahakamani. Kwenye USSD, yaani menyu za nyota na reli zisizohitaji intaneti, mna herufi 182 kwa skrini, nafasi zikiwemo, na zinatosha:

“Tutaangalia miamala yako ya miezi 6 ili kujua kiasi cha kukukopesha. Hatutawapigia jamaa zako. 1. Nakubali 2. Sikubali 3. Eleza zaidi”

Msomeeni mtu asiye wa ofisini, ufunike skrini, umuulize tutafanya nini. Akikosea, andika upya; kosa ni la sentensi.

Kagueni pia “Sikubali”. Mara nyingi imeandikwa kwa kijivu hafifu kando ya kitufe kikubwa cha kijani. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki uwiano wa 4.5 kwa 1, kati ya mwanga wa maandishi na wa mandhari yake, unaotakiwa kwa maandishi ya kawaida na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu; #767676 kinafika. Kisha washeni TalkBack, kisoma skrini kwa sauti cha simu za Android, mfumbe macho, mjaribu kukataa. Kitufe kisichopewa jina humwacha asiyeona akibahatisha, na aliyebahatisha hajakubali chochote.

Mkopo ukikataliwa na mashine peke yake, “Samahani, hujafuzu” haitoshi. Kifungu cha 35 cha Sheria hiyo ya Ulinzi wa Data kinataka mteja aarifiwe kwa maandishi, naye ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wekeni kitufe cha ombi hilo papo hapo, na muulize mapema ni nani ofisini atakayeyasoma maombi hayo, maana kitufe bila mtu ni ulaghai mwingine.

Haya yote yaanze kwenye michoro. Chini ya Sheria hiyohiyo, uchakataji wa data wenye hatari kubwa kwa mteja unadai tathmini ya athari, na ripoti yake huwasilishwa siku 60 kabla ya kuanza. Mkiitwa wiki ya uzinduzi, mmeshachelewa.