Salamu za shukrani kutoka Magomeni bondeni

Familia yetu ya Magomeni, Dar es Salaam, upande wa bondeni, inatoa shukrani za dhati kwa vijana na akina mama wa kanisa waliotufikia Jumamosi ile baada ya mafuriko. Wenyewe wameomba tusiwataje, wala kanisa lao. Tumetii, ingawa mama yetu hajafurahi.

Kwanza tuna deni la kuomba radhi. Walipotokea na mabeleshi, ndoo na mafagio ya chelewa, sisi watoto wa kiume tulikunja nyuso. Tangu maji ya Desemba 2011, yale yaliyowafanya majirani zetu wengine wahamie Mabwepande, tumeshapokea wageni wa kila aina: bango, mfuko wa unga, picha, kwaherini. Tukadhani ni walewale. Hawa hawakupiga picha hata moja. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa pale Jangwani, wakazungukia Daraja la Salenda na kirikuu cha kuazima, na saa mbili asubuhi walishavaa mabuti, wako ndani ya tope.

Na anayelijua tope la Msimbazi hahitaji kuelezwa. Mto unatokea vilima vya Pugu, unaingia baharini Salenda, na njiani unabeba cha kila mtu: nepi, chupa, hadi vya chooni. Sebuleni lilitufika magotini, na ukutani maji yaliacha mstari juu ya swichi. Walilitoa kwa toroli, chumba baada ya chumba, kisha wakasugua sakafu mara mbili kwa maji ya klorini, maana kipindupindu si cha kukifanyia mzaha.

Magodoro yalikuwa ya kutupa, friji vilevile. Lakini binti mmoja aliokota albamu ya picha imegandamana, akakataa isitupwe. Aligeuza ndoo akaikalia, akawa anabandua picha mojamoja kwa ncha ya kidole na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Picha ya ndoa ya wazazi wetu ilitoka: uso wa mama umefutika kidogo, wa marehemu baba upo. Mama anasema afadhali iwe hivyo, yeye si bado mnamwona?

Shukrani pia kwa mjumbe wetu, kwa mwenye guta aliyekataa hela ya safari mbili za mwisho, na kwa jirani zetu Waislamu wa nyumba ya pili, ambao wao pia walikuwa na tope lao, lakini wakawapikia wageni wetu wali na maharage wakati jiko letu halionekani lilipo.

Beleshi moja, mpini umefungwa mpira wa baiskeli, lilisahaulika nyuma ya choo. Tumeliosha. Mwenyewe apite siku yoyote, ila asije na haraka, mama amesema haondoki bila kula.

Ni sisi watoto na wajukuu.