Mtoto wa miaka saba hahitaji kombe la mbuzi

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma elimu ya michezo chuo kimoja hapa Dar, na huu ni mwaka wa pili sasa nafundisha mpira watoto wa miaka sita mpaka tisa kwenye kiwanja cha mchanga huku Mburahati, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi. Nilianza nikiwa fildi, yani mafunzo ya vitendo ya chuo, fildi ikaisha nikabaki, mana watoto walikuwa wanakuja mpaka geti la hosteli kuniulizia, "dada kocha leo hamna?" Sasa naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja linaloniuma, nawaambia wazazi, makocha wenzangu wa mtaani na kaka zetu wanaotuandalia mabonanza.

Mwezi uliopita tulialikwa bonanza la watoto chini ya miaka kumi. Zawadi mbuzi na seti ya jezi. Nilifurahi sana, wazazi wakachanga, tukakodi daladala, watoto njia nzima wanaimba. Tumefika nakuta watoto wanachezeshwa kiwanja kizima cha wakubwa, kumi na moja kwa kumi na moja, magoli yale yale ya wakubwa, mpira namba tano, dakika ishirini na tano kila kipindi, na hapo ni saa tano asubuhi jua la Dar mnalijua.

Nina mtoto mmoja ana miaka saba, mama yake anauza vitumbua, jezi yake namba 10 inamfika magotini na kila akikimbia anaishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyefunga khanga. Mazoezini huyu ndo hatulii, anapiga tobo wakubwa zake, anawapitishia mpira katikati ya miguu, akikupita anacheka mpaka anaanguka. Siku ile nikampanga winga ya kulia. Kipindi cha pili kilipoanza nikanyamaza nikawa namhesabia yeye tu. Dakika ishirini na tano nzima kagusa mpira mara tatu. Ya kwanza ulimgonga mgongoni. Ya pili alirusha, kwa mikono. Ya tatu aliupata kwa mguu, kabla hajageuka akavamiwa ukatoka nje. Muda mwingine wote alikuwa anakimbia kuufata ulipo, akifika wameshaubutua kule alikotoka, anarudi, akifika haupo tena. Mwisho akachoka, akachuchumaa karibu na kibendera cha kona akaanza kuchora mchanga kwa kidole.

Nyuma yangu kuna baba mmoja simjui hata ni mzazi wa timu gani akapiga kelele, we binti, mtoe huyo mzembe anachezea mchanga! Wengine wakadakia. Nikamtoa. Nasema ukweli mbele ya wasomaji wako, nilimtoa, na sijalala vizuri siku ile. Hakulia. Alivua jezi akaikunja vizuri akanikabidhi, akaniambia taratibu, "Kocha, mpira wenyewe hauji kwangu."

Na kweli ulikuwa hauji. Kiwanja cha wakubwa urefu unafika mita 100 na kuendelea, upana mita 64 mpaka 75. Goli upana wake ni mita 7.32 na kwenda juu ni mita 2.44. Golikipa wangu ana miaka nane, nimempima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani, ana mita moja na sentimita ishirini na sita. Sasa niambieni mpira ukipigwa juu huyu anafanya nini, hata akiruka akanyoosha mikono yote bado mwamba uko mbali kabisa. Tulifungwa tisa bila, na saba kati ya hayo zilikuwa za juu, wala hakuna aliyefundisha kitu pale zaidi ya kumfundisha mtoto wa miaka nane kwamba yeye hafai. Nao mpira namba tano mzunguko wake ni sentimita 68 mpaka 70, uzito gramu 410 mpaka 450, umetengenezwa kwa mguu wa mtu mzima. Watoto wa umri huu wana mpira wao, namba tatu, mdogo mwepesi, unapatikana Kariakoo, sio kitu cha kuagiza Ulaya. Mpira ukiwa mkubwa kuliko mguu mtoto hapigi chenga, anaukimbiza kwa kidole gumba cha mguu tu, unaona kabisa anauogopa.

Alafu ukisema kiwanja kikubwa na magoli makubwa unajua anayefaidika ni nani? Kijeba. Kila timu pale ilikuwa na kijeba wake mmoja au wawili, mtoto ana sauti nzito kabisa anaambiwa ana miaka tisa, kazi yake kupokea mpira katikati, kukimbia nao peke yake na kupiga juu. Vijeba wanaletwa kwa sababu kuna mbuzi. Hilo naomba wahusika walifikirie, toa mbuzi uone kama kuna kocha atahangaika kudanganya umri wa mtoto wa chini ya miaka kumi.

Sisemi haya kana kwamba mimi nilizaliwa nikijua. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nawapanga foleni. Nina watoto ishirini na sita na mipira mitatu, kwa hiyo nikaweka koni, mistari mitatu, mmoja anapita kwenye koni anapiga golini anarudi nyuma ya mstari, kwenye daftari langu la chuo ilipendeza sana. Ila mtoto anasubiri dakika nne apate sekunde kumi. Anayesubiri anamrushia mwenzie mchanga, anamvuta bukta, wa tatu keshaondoka kaenda kuangalia bajaji inatengenezwa. Nikawa nashinda kugombeza, sauti inakauka, narudi hosteli nimechoka nasema watoto wa huku watundu. Sio watundu, walikuwa hawana mpira.

Kilichonibadilisha ni Alhamisi moja mipira yote mitatu ilikuwa haina upepo na pampu imeharibika. Watoto wameshafika, wengine wametoka madrasa moja kwa moja, kanzu zao tunazitundika kwenye ule mwarobaini pembeni ya kiwanja. Nikataka niwarudishe nyumbani. Kuna mmoja akasema, kocha mi nina chandimu nyumbani, na mwingine mi pia, nikawaambia haya kimbieni mkalete. Dakika kumi baadae wamerudi na machandimu kumi na tisa, mipira ya kujitengenezea! Ya soksi, ya matambara, moja imefungwa na kipande cha chandarua. Enzi zetu tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo, ila tangu ilivyopigwa marufuku Juni 2019 watoto wanatumia sponji la godoro bovu, wanaliviringisha na matambara wanafunga kwa nyuzi za viroba, linadunda kidogo, zuri kuliko letu.

Basi tukacheza kidali. Kidali ile ile ya kukimbizana, ila kila mtu na chandimu yake mguuni, ukiuacha mpira wako umeshikwa. Yani sikuwahi kuona kitu kama kile. Nusu saa nzima hakuna aliyesimama, hakuna aliyemvuta mwenzie bukta, kichwa juu kumwangalia mkimbizaji, mguu unatafuta mpira chini, anageuka kushoto kulia, anauvuta kwa unyayo, na mimi nilikuwa nimesoma darasani muhula mzima jinsi ya kufundisha mtoto kuinua kichwa akiwa na mpira. Hakuna niliyemwambia inua kichwa. Kidali yenyewe ndo iliwainua.

Toka siku hiyo ratiba yangu ni hiyo. Mwanzo kila mtu na chandimu yake. Baada ya hapo tunagawana wanne wanne, kiwanja kidogo cha hatua zangu thelathini kwa ishirini, magoli ni ndala mbili mbili, hakuna golikipa, tunacheza dakika nane tunabadilishana. Basi. Wanne kwa wanne huwezi kujificha wala huwezi kusahaulika, mpira unakuja tu. Na yule wa jezi namba 10 nilimhesabia tena juzi, kwa dakika nane niliishia arobaini na kitu nikapotea hesabu.

Najua wapo watakaosema watoto lazima wazoee ushindani toka wadogo. Baba mmoja pale kwetu ananiambia kila wiki, mwalimu unawadekeza, sisi tunataka Samatta hapa. Namheshimu sana yule mzee, mwanae hakosi mazoezi na ndo yeye alituchongea benchi. Ila nilimjibu hivi, shikamoo baba, Samatta amezaliwa Desemba 1992, katokea Mbagala, kapita African Lyon, Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, Genk ya Ubelgiji, siku anaifungia Aston Villa pale Wembley kwenye fainali na Manchester City, Machi 1, 2020, alikuwa na miaka 27. Mwanao ana saba. Tuna miaka ishirini mbele, tunakimbilia wapi? Akacheka, ila Jumamosi iliyofuata alikaa benchi lile lile kimya, na kwa yule mzee kukaa kimya dakika nane ni kazi kubwa.

Na ushindani watoto wanao wenyewe jamani. Wakimaliza zile dakika nane waulize matokeo, kila mtu anajua kafunga ngapi na nani kamtilia tobo nani, wanabishana mpaka wanafika kwao. Kinachowaharibu ni sisi tuliosimama pembeni. Butua! Toa! Piga mbele! Mtoto ana mpira, anafikiria, kaona nafasi ya kumpa mwenzie, watu wazima kumi wanamwambia abutue, anabutua, wanampigia makofi. Kesho yake mazoezini namuuliza mbona hukumpa mwenzio, ananiambia kocha, baba alisema nibutue. Hapo mimi nitafundisha nini.

Kingine, nina watoto wa kike watatu kati ya wale ishirini na sita. Kuwapata tu nilienda nyumbani kwao mara nyingi, nikakaa na mama zao, nikaelezea. Kwenye ile mechi ya bonanza ya kumi na moja kwa kumi na moja wote watatu walikaa benchi mpaka mwisho, na aliyewaweka benchi ni mimi mwanamke mwenzao, kwa sababu nilikuwa naogopa kufungwa nyingi. Wakati wasichana wa nchi hii hii, Serengeti Girls, mwaka 2022 walienda India kwenye kombe la dunia la chini ya miaka 17 wakaifunga Ufaransa mbili moja wakafika robo fainali. Mmoja wa wale watatu toka siku ya bonanza hajarudi. Nimeenda kwao mara mbili, mama anasema anasaidia kazi. Nitaenda tena.

Kwa hiyo ndugu zangu waandaaji, hasa likizo ya Desemba inakuja na mabonanza ndo msimu wake, siombi myaache, tunawashukuru kwa kujitolea, mnatoa hela zenu mfukoni na mnaacha shughuli zenu. Ninachoomba ni kikubwa kidogo ila hakina gharama. Hicho kiwanja kimoja kikateni kwa chaki au hata majivu mpate viwanja vidogo vinne, mnapata nafasi bila kubanana. Wanne kwa wanne ni watoto thelathini na wawili wanacheza kwa wakati mmoja badala ya ishirini na wawili, na mipira minne badala ya mmoja. Magoli wekeni matofali. Wazazi chorewe mstari, mita tano nyuma ya watoto. Msihesabu pointi, wekeni kila timu icheze mechi tano sita fupi fupi. Anzeni saa moja asubuhi, saa nne mmemaliza kabla jua halijawa kali.

Na mbuzi msimfute. Mchinjeni, tafuteni mama mmoja mtaani apike pilau, watoto wote wale, walioshinda na walioshindwa, na vijeba wakija nao wale wakakae na makocha wawafundishe kuchezesha.

Kwa makocha wenzangu wanafunzi ambao mwaka huu mnaanza fildi, msisubiri vifaa. Waambieni watoto walete machandimu. Na kwa mzazi yeyote wa Mburahati, Mabibo au Manzese mwenye mtoto wa miaka sita mpaka tisa, wa kike au wa kiume, Jumamosi saa moja kasoro asubuhi tupo pale kwenye mwarobaini. Hatulipishi. Mpe maji ya kunywa kwenye chupa na mwambie aje na mpira wake, hata kama ni wa soksi.

Dada kocha,
Mburahati, Dar es Salaam