Kaka, ruti zako zimekwama mlango wa pili

Kaka, za Tanga? Shemeji hajambo, na yule mdogo ameshaanza shule? Huku Mwanza tupo, mchana joto usiku dagaa, maisha yanasonga. Nisamehe nimechelewa kukujibu, ile picha ya skrini ya rauta yako niliiona Jumatatu nikasema nikitulia nitamwandikia, kutulia kwenyewe ndo leo Jumapili, nguo ziko kambani na neti haijakata tangu asubuhi so nina nafasi.

Nianze na yako ndo nije kwenye yangu maana yangu ni ndefu. Kwenye picha naona jirani yako, yaani rauta ya mkubwa anayekuuzia neti, yuko juu siku mbili na masaa, hajadondoka hata mara moja, halafu ile kolamu ambayo ilitakiwa ikae idadi ya prefiksi (mafungu ya anwani) alizokupa limekaa neno Policy kwenye mabano. Na wewe, kuhusu BGP, ile lugha ya rauta kupeana ruti yaani njia za kufikia anwani, umeniandikia "BGP iko poa ila ruti sifuri, nimeristati mara sita". Mara sita kaka! Ungeristati hata mara sitini neno lingebaki lilelile. Hapo FRR, ile programu inayoifanya Linux iwe rauta, inakuambia hivi, huyu jirani ni wa nje na hujamwandikia sheria yoyote, kwa hiyo cha kwake sipokei na cha kwako simpi. Imetoka kwenye RFC 8212, kanuni ya intaneti ya mwaka 2017, watu walichoka na vikampuni kama vyetu vinavyofungua BGP bila kichujio halafu vinaanza kuitangazia dunia ruti za watu wengine, wakaamua kama hujasema kitu basi hakipiti kitu. Quagga, programu yako ya zamani ya kazi hiyohiyo, ilikuwa haiulizi, ndo maana konfigi uliyoikopi kutoka kule ikakubali bila kelele halafu ikakaa kimya, ingawa FRR ni mtoto wa Quagga na Quagga mtoto wa Zebra, na jina la bibi bado limo humo ndani kwenye ile programu inayoitwa zebra.

Utakutana na watu watakaokuambia weka tu no bgp ebgp-requires-policy maisha yaendelee. Inafanya kazi kweli, ila mimi siiweki. Siku ukiongeza mkubwa wa pili utamtangazia ruti za yule wa kwanza bila kujua, halafu wakubwa wawili waanze kupitishiana mizigo kwenye kalaini kako ka mega mia mbili, utalia. Andika kichujio, ni mistari michache, namba nimeweka za mfano wewe weka zako:

ip prefix-list ZETU seq 5 permit 203.0.113.0/24
ip prefix-list DEFOLTI seq 5 permit 0.0.0.0/0
route-map KUTOKA permit 10
 match ip address prefix-list ZETU
route-map KUINGIA permit 10
 match ip address prefix-list DEFOLTI
router bgp 64500
 address-family ipv4 unicast
  neighbor 198.51.100.1 route-map KUTOKA out
  neighbor 198.51.100.1 route-map KUINGIA in

Hapo utapokea ruti ya defolti (njia ya kila kisicho na njia yake) peke yake na utatangaza ya kwenu peke yake. Ukimaliza usiristati tena tafadhali, piga clear ip bgp 198.51.100.1 soft inatosha.

Ila usishangilie mapema, kuna kitu kingine kitakukamata kwenye kutangaza. Umeandika network ya /24 nzima (anwani 256) sawa, lakini hiyo /24 umeshaikatakata vipande vya /29 (anwani nane nane) ukawagawia wateja, kwa hiyo yenyewe nzima haipo popote kwenye jedwali la rauta yako na FRR haitatangaza kitu ambacho haikioni. Dawa ni ip route 203.0.113.0/24 Null0. Usiogope hiyo Null, wateja hawataingia shimoni, kipande kidogo siku zote kinashinda kikubwa kwa hiyo mwenye /29 yake atapata mzigo wake, kinachoenda shimoni ni kile ambacho hakina mwenyewe.

Sasa yangu. Yaani kaka mimi nilivyokucheka mara sita nilikuwa najicheka mwenyewe, maana mwezi uliopita nimefanya ujinga mkubwa kuliko huo.

Unakumbuka ile rauta yetu ya chuma iliyokuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, ilikufa feni nikambembeleza bosi tuweke seva ya kawaida, Linux ya Ubuntu na FRR juu yake. Ikakaa vizuri wiki tatu, bosi anafurahi amesevu hela. Kwa mkubwa tunachukua defolti, ila mimi kwa mazoea ya zamani niliiandika pia kwa mkono kwenye netplan, konfigi ya mtandao ya Ubuntu yenyewe, shika hapo, na Sengerema tuna tawi, tunafika kwa redio kuvuka ziwa, ruti zake zinakuja kwa BGP ya ndani. Basi Jumanne moja asubuhi simu zikaanza, Sengerema nzima haina neti. Mjini hapa wako poa, WhatsApp inaenda, YouTube inaenda, Sengerema giza. Wewe ungefikiria nini? Redio. Na mimi nikafikiria redio. Nikachukua kamba na fundi mmoja tukavuka daraja, kwa bahati siku hizi kuna daraja la Kigongo-Busisi ingekuwa enzi za kivuko ningekata tamaa pale pale foleni ya magari, tukafika, nikapanda mnara, jua la Sengerema unalijua, nikalegeza nati nikasogeza dishi kidogoo upande wa kushoto, na neti ikarudi! Nikasikia watu chini wanapiga kelele imerudi imerudi. Nikashuka kama shujaa, nikanunuliwa soda.

Kumbe dakika ileile kijana wetu wa ofisini alikuwa ameristati FRR kwa sababu hana kingine cha kufanya. Hakuniambia, alijua ndo kawaida.

Siku kumi baadae ikajirudia. Safari hii sikuwa na hamu ya mnara, nikaristati FRR mwenyewe ikarudi, nikasema basi ni bagi, kosa la programu, nitapandisha toleo. Hapo ndo nilipokosea zaidi kuliko kule juu ya mnara, maana kuristati kunafuta kila kitu. Ushahidi wote ulikuwa pale nikaupiga maji. Ya tatu ilipokuja nikamwambia bosi nipe nusu saa hata kama wateja wanatukana, sigusi kitu mpaka nione. Akanuna ila akanipa.

Nikakaa nikawaza hivi, ruti ili ifanye kazi inapita milango minne. Jirani lazima akupe. Bgpd, kipande cha FRR kinachoongea BGP, lazima ikubali, hapo ndo ulipokwama wewe. Halafu zebra inapokea kutoka kwa bgpd na ospfd (kipande cha lugha nyingine ya ruti) na za mkononi, inachagua ipi iende. Mwisho zebra inaipeleka kwa kerneli, kiini cha Linux, na kerneli ndo dereva, pakiti haimjui FRR wala vtysh, ile sehemu ya kuandikia amri za FRR, inamjua kerneli tu. Basi nikaanza kugonga mlango mmoja mmoja. Show bgp summary, tawi liko juu, prefiksi zimekuja. Show ip bgp 10.20.0.0/16, ipo, imechaguliwa. Show ip route ikanipa hii:

B>* 10.20.0.0/16 [200/0] via 10.255.0.2, ens19, weight 1, 3d22h05m

Mshale upo, maana yake imechaguliwa. Nyota ipo, maana yake FRR inaamini imeshaikabidhi kwa kerneli. Siku tatu na masaa ishirini na mbili haijatikisika. Nikafungua dirisha la pili pembeni, nje ya vtysh, Linux tupu, nikapiga ip route get 10.20.4.7:

10.20.4.7 via 198.51.100.1 dev ens18

Kaka nilisimama. Mzigo wa Sengerema unatumwa kwa mkubwa! Huyu anasema nimempa, yule anasema sijapewa, na wako kwenye seva moja. Nikapiga ip route show proto bgp ili nione zote ambazo FRR imeweka, jibu likawa hakuna, hata mstari mmoja. Na kwa sababu ile defolti ya netplan ilikuwepo, kila kitu kilichokosa njia kilikuwa kinatupwa kwa mkubwa, mjini hawajui lolote, Sengerema wanakufa. Ingekuwa defolti nayo imeondoka ningejua siku ya kwanza kwamba tatizo ni rauta, kale kamstari ka mazoea ndo kalinipeleka mnarani. Na jirani wa tawi alibaki juu muda wote maana yule tuko naye moja kwa moja kupitia ile redio, subneti hiyo ya kati yetu haikuguswa, kwa hiyo BGP haikuona sababu ya kulalamika.

Sasa nani kazifuta? Hapa nikapoteza dakika ishirini nyingine kwa ajili ya saa tu. Bosi alisema imekata "saa tatu na nusu hivi", mimi nikaingia kwenye logi, daftari la matukio la seva, nikatafuta 09, hamna kitu, nikatafuta 03 kwa kuchanganyikiwa, hamna. Halafu nikakumbuka seva niliiacha kwenye UTC, saa iliyo nyuma yetu masaa matatu. Saa tatu na nusu asubuhi yetu ni saa tisa na nusu ya kizungu, na kwa seva ni 06:30. Nikaangalia 06, nikakuta 06:23, systemd-networkd, programu ya Linux inayosimamia mtandao wa seva, imezimwa ikawashwa. Na juu yake kidogo, apdeti za kujiendesha zenyewe. Ile taima ya Ubuntu imepangwa saa 06:00 na inajichelewesha kwa kubahatisha mpaka saa zima, kwa hiyo kwetu inaangukia kati ya saa tatu na saa nne, ofisi zinafunguliwa. Na siku ambayo hakuna apdeti inayogusa mambo hayo hakuna kinachotokea, ndo maana ilikuwa inakuja siku hii inaruka siku zile, tukadhani jini.

Networkd kaka ina tabia ya mama mwenye nyumba. Ikiamka inakagua, ikikuta ruti ambayo haikuiweka yenyewe inaiita ya kigeni na ina ruhusa ya kuifagia, ndo ilivyotoka kiwandani. Kuna siku zebra inaona imefutiwa na inarudisha, kwetu haikurudisha. Dawa ni kwenye faili /etc/systemd/networkd.conf chini ya [Network]:

ManageForeignRoutes=no
ManageForeignRoutingPolicyRules=no

Usiku saa sita watu wamelala nikahesabu kwa ip route | wc -l, 431. Nikaristati networkd makusudi, moyo unadunda, nikahesabu tena, 431. Nikarudia mara tatu. Halafu nikaenda kuhamisha na ile taima ya apdeti iende usiku, na defolti ya netplan nikaing'oa ibaki ya BGP.

Kwako nadhani hii haitakukuta mara moja kwa sababu ulisema umeweka Debian, Linux nyingine, na faili la interfaces la zamani, networkd imelala. Ila ukija kuhamia netplan kumbuka. Na siku ukifungua tawi la Korogwe unaweza kukutana na mlango wa pili tena kwa sura nyingine, prefiksi utaiona kwenye show ip bgp ila ukiifungua yenyewe utakuta neno inaccessible, maana yake anwani ya kupitia rauta haijui iifikieje, na kuna FRR ambazo hazikubali kusema "nitaifikia kwa defolti" mpaka uziruhusu kwa ip nht resolve-via-default. Mimi napendelea next-hop-self kwenye rauta ya makao makuu, yaani ijitaje yenyewe kuwa ndo anwani ya kupitia, tawi halina sababu ya kuzijua anwani za wakubwa wako.

Fanya hivyo vichujio leo halafu nitumie show bgp summary na show ip route, na ip route ya Linux yenyewe pia usiisahau. Ukikwama nipigie baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo niko na watoto.

Bosi nilimweleza hii habari yote ya networkd, nikamchorea na milango minne kwenye karatasi, akasikiliza mpaka mwisho akaitikia. Juzi nimemkuta anamwambia mteja wa Sengerema asiwe na wasiwasi, kijana wetu alishapanda akanyoosha dishi.

Wasalimie wote.

Mimi wako, wa Igoma