Bati super ni geji ngapi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia. Ila ile taarifa yenu ya mabanda ya maonesho ya biashara ya Sabasaba imenishinda. Mwandishi kapita ukumbi mmoja, kakuta kampuni tatu za vifaa vya ujenzi, na zote tatu kaziandika "namba moja Afrika Mashariki" bila hata kushtuka. Namba mbili ni nani, basi?

Nyumba yangu ya Kibaha nimeiezeka kwa mabati ya mmoja wa hao namba moja. Redio ilisema ni bora kuliko yote, imara kuliko yote, hayapauki milele. Masika ya pili hayajaisha, upande wa magharibi wekundu wote umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikarudi dukani na risiti. Kijana akaniambia, "Mzee wangu, waranti ni ya kutoboka, rangi haimo." Nikamuuliza geji, yaani namba ya unene wa bati. Maana bati ni geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba: 30 ni jepesi kuliko 28, na yote mawili hayafiki nusu milimita. Fundi akilishika ukingoni tu anakwambia. Kwenye tangazo geji haikutajwa. Kwenye risiti wameandika "bati super", basi. Yaani kile kinachopimika ndicho kilichofichwa, na visivyopimika vikatungiwa wimbo na kuitikiwa na kwaya nzima! Super ni milimita ngapi, Mhariri?

Na hawa wa meseji za simu nao. Saa tano usiku umelala, simu inalia: "Ofa kubwa kuwahi kutokea, mwisho leo!" Kesho yake inatokea kubwa zaidi. Mke wangu huamka akidhani ni msiba.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na FCC, tume ya ushindani, ipo. Lakini "kuliko yote" utaipima TBS, shirika la viwango, kwa mashine gani? Tutumie dawa tuliyoizoea. Mwaka 2021 tuliwekewa tozo kwa kutumiana fedha kwenye simu. Sasa iwekwe tozo ya sifa. "Bora" iwe bure. "Kuliko yote" shilingi laki moja kila inapotamkwa, na ikiongezwa "duniani" iwe mara tatu. Atakayetaja geji asamehewe nusu. "Milele" ilipiwe kwa awamu, kila Januari, mpaka iishe.

Mwalimu mstaafu,
Kibaha