Bwana Mhariri, nyuso za kurasa za ndani zinatoka kama masizi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu picha za kurasa za ndani za gazeti lenu, zile zisizo na rangi, manake ukurasa wa kwanza mnajitahidi sana lakini mtu akifungua ndani, hasa pale kwa matangazo ya vifo, anakuta mzee wa watu amevaa suti, tai inaonekana, kola inaonekana, hata ua wa nyuma yake unaweza kuuhesabu majani, ila uso wenyewe ni doa jeusi. Na familia imelipia hiyo nafasi pesa nzuri. Mimi kazi yangu ni picha na programu za mazishi hapa Kondele, na huku kwetu mnajua mambo ya mazishi si ya mchezo, kuna watu wanakata hilo tangazo wanaliweka kwa fremu ukutani, sasa wakinijia nalo mkononi wakiuliza mbona baba ametoka hivi inabidi niwaeleze kitu ambacho kingefaa kielezwe huko kwenu.

Shida si kamera, na si ngozi yetu, hilo tuliache kabisa. Shida ni mtu kufungua picha ya rangi, kubonyeza pale pa kutoa rangi, halafu huyoo ameenda chai. Picha ya dijitali kila nukta yake imebeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kuanzia 0 ambayo ni giza hadi 255 ambayo ni mwanga wote, na ukitaka kijivu lazima hizo tatu zibaki moja. Zinabaki moja kivipi? Hapo kila programu ina hesabu yake na wengi wanaobonyeza hawajui hata kama kuna hesabu.

Kuna ile ya kuchukua namba kubwa na namba ndogo, unajumlisha, unagawa kwa mbili. Kwa hiyo hesabu nyekundu kali kabisa, kijani kali kabisa na bluu kali kabisa zote zinatoka kijivu kile kile, 127 ama 128. Sasa fikiria mechi ya debi ya Mashemeji, Gor Mahia na kijani yao, Ingwe, yaani AFC Leopards, na bluu yao, picha ikipitia njia hiyo jezi zinakaribiana mpaka msomaji hajui nani amemkanyaga nani, na mashabiki wa huku vile mnawajua hilo pekee ni kesi.

Hesabu ya pili imetoka kwa televisheni. Marekani walipopitisha mfumo wao wa TV ya rangi mwaka 1953 walitaka wenye TV za zamani waendelee kuona bila kununua nyingine, kwa hivyo mwanga wa picha ukapimwa kwa nyekundu kama asilimia 30, kijani 59 na bluu 11, sababu jicho la binadamu huona kijani kuwa na mwanga kuliko hizo zingine. Programu nyingi bado zinatumia hiyo hiyo ama ndugu yake wa karibu. Hapo nyekundu kali inakuwa 76, kijani 150, bluu 29. Afadhali, jezi zinaachana. Lakini uso je?

Chukua shavu la mtu wetu aliyepigwa picha kivulini, tuseme nyekundu 120, kijani 80, bluu 60. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi iwe maji ya kunde, nyekundu ndio huwa juu na bluu ndio huwa chini. Nyuma yake weka ua wa kayaba, nyekundu 90, kijani 130, bluu 60. Piga hesabu ya TV: uso unatoka 90, ua unatoka 110. Ua unang'aa kuliko mwenyewe! Hakuna mtu ameharibu chochote hapo, mashine imefanya vile iliambiwa, ila kijani imependelewa na uso umeachwa nyuma. Sasa chukua nyekundu peke yake, uso unakuwa 120 na ua unashuka hadi 90, mzee ametokea mbele. Ukichukua bluu peke yake wote wawili ni 60 na umewazika pamoja.

Na huyo wa 90 bado hajafika kwa mashini ya kuchapa. Karatasi ya gazeti inanyonya wino, zile doti ndogo ndogo za wino zinazojenga picha zinavimba, mahali palipopimwa pafunikwe na wino asilimia 50 panaweza kutoka karibu 75, kwa hivyo kile kivuli kilichokuwa kinavumilika kwa skrini kwa karatasi ni usiku wa manane. Uso wa gazeti lazima uachwe mweupe kidogo kuliko vile jicho linataka kwa kompyuta. Mnaochapa kila siku mnalijua hili kuniliko, ndio maana inanishangaza.

Sisemi mtumie nyekundu tupu kila mahali. Ukizidisha, midomo inapotelea usoni, ngozi inakuwa kama ya nta, mama aliyevaa leso nyekundu leso inapauka utadhani imefuliwa na jiki. Mimi huanza na nyekundu asilimia 70, kijani 30, bluu nikaiacha, jumla iwe 100 ndio picha isiwake ama isizime yote, kisha nasogeza nikiangalia uso kwanza, nguo baadaye, mbingu mwisho. Kwa huyo mzee wetu inatoa uso 108 na ua 102, tofauti ndogo lakini sasa imeelekea upande wake, na ukiongeza mwanga kidogo amesimama. Bluu nayo ndio chafu kuliko zote, hasa picha ikishapita kwa WhatsApp mara mbili tatu, ukiivuta sana unaona vipande vya mraba mbinguni kama vigae. Na hii si kazi ya mashine ghali, GIMP ni programu ya bure na iko na hiyo sehemu ya kuchanganya rangi, Photoshop pia, hata Snapseed kwa simu ina filta za rangi ndani ya ile ya nyeusi na nyeupe.

Wazee hupenda kusema picha za zamani ndizo zilikuwa safi. Nyingine ndio, nyingine hapana. Kuna filamu za zamani ambazo hazikuona nyekundu kabisa, mdomo ulitoka mweusi na ngozi yetu ikatoka giza vile vile, mpaka zikaja zile za kuona rangi zote na wapiga picha wakawa wanaweka kioo chekundu ama cha njano mbele ya lenzi kuchagua nini king'ae. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga watu weusi tititi mbele ya vitambaa vyenye maua kibao, bila rangi, akitegemea sana mwanga wa jua, na nyuso zote unazisoma.

Kitu kingine kidogo kwa wale wanaopokea matangazo. Watu wanaleta picha ambayo saiba imeshaitoa rangi, ama fotokopi, wakidhani wanawasaidia. Hiyo haina cha kuchanganya tena, nyekundu na kijani zikishakuwa kijivu kimoja hakuna programu itajua ipi ilikuwa ipi. Waambieni walete yenye rangi zake, na kama ni kwa WhatsApp itumwe kama faili si kama picha ya kawaida. Kwenye fomu ya tangazo hilo ni laini moja tu.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu